Mmea wa Kigoma Katika Maji ya Bagamoyo

Hakuna mtu aliyewahi kuyasifu maji ya visima vya Bagamoyo. Kadiri kisima kinavyokaribia ufukwe ndivyo maji yake yanavyokolea chumvi. Sabuni haitoi povu, nguo nyeupe zinapauka kabla ya wakati, na mgeni akikaribishwa chai siku ya kwanza hutabasamu kwa adabu na kuacha nusu kikombe. Sisi wenyeji tunajua kisima kipi ni cha kufulia, kipi ni cha kuogea, na kipi, kwa bahati, kinafaa kupikia wali. Sababu iko chini ya miguu yetu. Mji umekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, mawe ya aina ile ile yaliyojengea msikiti wa Kaole katika karne ya 13, yakachomwa pia kupata chokaa ya kuyashikamanisha. Mvua ikipenya humo hutoka na chokaa, na bahari, ambayo haiko mbali, huongeza chumvi yake.

Nimekulia katika maji hayo nikiyahesabu kuwa kasoro ya mahali, jambo la kuvumiliwa kama joto la Januari. Kilichonibadilisha mawazo ni mmea wa Ziwa Tanganyika uitwao valisneria, mmea mrefu unaoishi chini ya maji tangu mizizi hadi ncha, ambao nimekuwa nikiutunza sebuleni ndani ya tangi la samaki. Ulichonifundisha ni kitu kimoja, na baadaye nilikikuta tena kwenye mashamba ya mwani ya Mlingotini na hata katika historia ya mji wetu: anayetaka kuotesha kitu majini na ayachunguze maji kwanza, tamaa yake ifuate nyuma. Maji ndiyo yanayochagua.

Tangi lenyewe sikulinunua. Mwalimu mwenzangu wa biolojia alipata uhamisho kwenda bara, na katika vyombo vyake vyote hicho ndicho kilichokuwa mzigo: sanduku la kioo lenye urefu wa sentimita 120, upana wa 40 na kimo cha 60, kazi ya fundi vioo wa Dar es Salaam, vioo vya milimita 10 na gundi ya silikoni. Likijaa hubeba zaidi ya lita 250, yaani zaidi ya robo tani ya maji, na meza yake iliundwa kwa mbao nene kuliko za kitanda chake. Lori la kuhamia halikuwa na nafasi. "Baki nalo, mwalimu," aliniambia. "Weka samaki wako, ufurahi. Ila mimea usijisumbue nayo, hapa haioti."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kwa muda mrefu alikuwa akinunua mimea kwenye maduka ya samaki wa mapambo Dar es Salaam, ile yenye majani mekundu na ile mifupi inayotandaa chini. Ililetwa ndani ya gazeti lililoloweshwa, ikapandwa kwa mikono ya mtu anayejua kazi, na haikuchukua muda ikaanza kuoza kutoka chini kwenda juu. Alibadilisha taa. Alibadilisha mchanga. Aliongeza mbolea. Kilichobaki vile vile ni maji, kwa sababu aliyateka kisimani uani kwake.

Mmea wa majini unahitaji kaboni kama muhindi shambani, lakini hauichukui hewani. Unaitafuta ndani ya maji. Katika maji laini yasiyo na chokaa, sehemu nzuri ya kaboni hiyo huwa ni kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka, na hiyo kila mmea unaiweza. Katika maji ya chokaa mambo hugeuka. Maji yanakuwa ya alkali, pH inapanda juu ya 7, na karibu kaboni yote inakuwa imefungwa katika bikaboneti. Mimea mingi ya madukani asili yake ni mito ya misituni ya Amerika Kusini na Asia ya Kusini-Mashariki, na mingi kati yake haiwezi kuifungua bikaboneti ikapata chakula. Ndiyo maana wakuzaji wa mimea hiyo huko Ulaya hununua mitungi ya gesi ya kaboni dayoksaidi na kuipuliza kwenye matangi yao. Mwenzangu hakuwa na mtungi. Mimea yake ilikufa njaa huku chakula kikiwa kimeizunguka pande zote.

Nilipoachiwa tangi, kwa hiyo, lilikaa na maji na samaki tu, mpaka mwanafunzi wangu wa zamani aliyekuwa akifanya kazi Kigoma alipokuja likizo kuwaona wazazi wake. Alipita kunisalimia. Baada ya "Shikamoo, mwalimu" na habari za nyumbani, akalisogelea tangi na kulitazama kwa muda.

"Mbona hakuna majani humu?"

"Hayaoti. Maji yetu unayajua."

"Lakini mwalimu, ziwani kule maji nayo ni magumu, na majani yapo. Marefu, yamesimama chini ya maji kama yamepandwa na mtu. Samaki wadogo wanajificha humo. Nitakuletea."

Alisema kweli kuliko alivyojua. Ziwa Tanganyika, lenye kina kinachofika mita 1,470, lina maji yenye pH inayokaribia 9, na limejaa bikaboneti. Mmea uliozoea kula humo hauna sababu ya kukiogopa kisima cha Bagamoyo. Safari iliyofuata alishuka na ndoo ya rangi yenye mfuniko, na ndani yake mashina machache yaliyoviringishwa katika gazeti bichi. Alikuwa ameyalinda njia nzima ndani ya treni, akiyanyunyizia maji kila behewa lilipopata joto.

Njia aliyopita ilinipa la kufikiri. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 Bagamoyo na Ujiji, pale Kigoma, zilikuwa ncha mbili za barabara moja. Wapagazi waliifuata kwa miguu kupitia Tabora, miezi kwa miezi, na kilichoshuka pwani ni pembe za ndovu pamoja na watu waliotekwa. Burton na Speke walitoka pwani hii katikati ya 1857 na hawakufika Ujiji mpaka Februari 1858. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, ikiwa imeanzia Dar es Salaam, misafara ikakosa kazi na mji wetu ukabaki pembeni ya njia. Mmea wangu ulishuka kwa reli hiyo hiyo iliyotunyang'anya misafara, kisha ukamalizia kwa basi.

Sikuupanda siku ile ile. Mmea uliotoka ziwani huja na abiria, na abiria wa kuogopwa ni konokono. Kichocho hakiwezi kuenea bila konokono wa maji baridi. Huku pwani wanaohusika ni wa jamii ya Bulinus, wenye kichocho cha kibofu; Ziwa Tanganyika wako wa jamii ya Biomphalaria, wenye kichocho cha tumbo. Niliyaloweka mashina kwa saa kadhaa katika maji yaliyotiwa shabu, ile inayotumika majumbani kutuliza maji ya tope, halafu nikapitisha vidole kwenye kila jani kuondoa mayai, ambayo hukaa katika utelezi wa rangi ya maji. Baada ya hapo yalikaa kwenye ndoo peke yake, mbali na tangi, mpaka niliporidhika kwamba hakuna kinachotambaa. Ushauri huu nautoa kwa kila anayechukua mmea bwawani, mtoni au ziwani: ndoo ya karantini ni nafuu kuliko zahanati.

Mchanga wa ufukweni, ingawa uko tele na hauna bei, haufai, maana umebeba chumvi na vipande vya makombe. Nilitumia mchanga wa mto, ule wa mafundi ujenzi, nikausuuza mpaka maji ya ndoo yakabaki meupe. Unene wa sentimita saba au nane unatosha. Chini yake niliweka vidonge vya udongo mwekundu wa shambani, nilivyovikanda kwa mkono na kuvianika juani vikakauka. Wekundu ule ni chuma, na valisneria, ambayo hula sana kwa mizizi, ikikosa chuma majani machanga hupauka yakawa ya manjano. Mbolea ya kukuzia mahindi isisogezwe karibu. Zitakazoshiba kwanza ni kamba za kijani za mwani, na zikishashika kioo na majani, kuzitoa ni kazi ya mwezi mzima.

Katika kupanda kuna kanuni moja isiyo na msamaha. Valisneria haina shina la kupanda juu. Majani yote hutoka mahali pamoja, penye shingo nyeupe, na mizizi huanzia hapo hapo kwenda chini. Mizizi ifukiwe, shingo ibaki nje ya mchanga. Shingo ikifukiwa huoza, na ikioza hakuna kilichobaki. Mimi hupanda kwa kuzamisha mche kupita kiasi, halafu nauvuta juu taratibu mpaka weupe uonekane. Namna hiyo mizizi inajinyoosha yenyewe kwenda chini.

Halafu ukaja wakati unaowavunja moyo watu wengi. Valisneria ikihamishwa kutoka maji mamoja kwenda mengine hutupa majani yake ya zamani. Yalianza kuwa kama kioo, ukiyatazama unaona upande wa pili, kisha yakalainika na kukatika vipande. Mke wangu alisimama mbele ya tangi na jagi la maji mkononi. "Mwalimu," alisema, "huo si mmea tena, ni mlenda." Alitaka uondolewe kabla haujaanza kunuka. Nikamwomba aupe muda, kwa sababu nilikuwa nimeipima mizizi kwa kidole ndani ya mchanga nikaikuta imeshika. Jani lililotengenezwa kwa maji ya Kigoma haligeuki kuwa la Bagamoyo. Mmea unalivunja na kutengeneza jingine linalolingana na maji mapya, na kazi hiyo inafanyika chini ambako macho hayafiki. Anayeung'oa kila baada ya siku mbili kuona kama umeshika ndiye anayeuzuia usishike.

Kazi yangu wakati ule ilikuwa kuyatoa majani yaliyooza kwa mrija mwembamba kabla hayajachafua maji, na kazi hiyo ina historia yake. Mwaka 1850 mkemia wa London, Robert Warington, alieleza jaribio alilofanya kwa chombo kimoja, samaki wawili wa dhahabu na mche wa Vallisneria spiralis. Alitaka kuona kama mmea utawapa samaki oksijeni ya kutosha bila maji kubadilishwa kila mara. Mambo yalikwenda vizuri mpaka majani ya mmea yalipoanza kuoza na kuyachafua maji. Alitia konokono, wakayala yaliyooza, na chombo kikatulia. Jaribio hilo limo katika misingi ya ufugaji wote wa samaki sebuleni uliokuja baadaye. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa ajili ya umma. Mmea uliosaidia kuanzisha mtindo huo Ulaya ni wa jamii moja na huu unaoota bila kupandwa na mtu katika Ziwa Tanganyika. Warington aliweza kuokota konokono bila wasiwasi. Sisi wa nchi za kichocho tunatumia mrija.

Majani mapya yalipochomoza yalikuwa mafupi, ya kijani iliyokolea. Yakarefuka. Yalifika juu ya maji, na kwa kuwa kimo cha tangi hakikuyatosha, yakalala juu na kuendelea mpaka mengine yakapita mita moja. Siku za mwanga mzuri, kuanzia saa nne asubuhi, vipovu vya oksijeni vilipanda kutoka kwenye majani kwa msururu. Pia niliona kitu ambacho mwanzoni nilidhani ni ugonjwa: vumbi jeupe, gumu kidogo, limeshika juu ya majani makubwa. Nilipolikwangua kwa ukucha nikalitambua. Ni chokaa, ile ile inayotengeneza ukoko ndani ya birika la jikoni. Birika huipata kwa moto; jani huipata kwa kula. Likichota kaboni kutoka kwenye bikaboneti, chokaa iliyokuwa imeshikana nayo hukosa pa kukaa na kuganda juu ya jani. Kwa hiyo maji yaliyoua mimea ya mwenzangu ndiyo yaliyokuwa yakiulisha wangu, na risiti ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyeupe juu ya kila jani.

Utunzaji wa kila siku, baada ya hapo, ni mdogo. Robo ya maji hubadilishwa kila wiki. Mwanga wa saa nane hadi kumi kwa siku unatosha, na jua la moja kwa moja linaepukwa, maana huotesha mwani na kuchemsha maji. Joto ndilo la kuangaliwa huku kwetu. Valisneria hupenda nyuzi kati ya 20 na 28, na huvumilia mpaka karibu 30. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, chumba kilichofungwa hupita hapo kwa urahisi. Mimi huacha madirisha ya upande wa bahari wazi na kuondoa mfuniko wa tangi, upepo upite juu ya maji. Umeme ukikatika usiku, kifaa cha kupuliza hewa husimama, na ikumbukwe kuwa gizani mmea nao unapumua: unatumia oksijeni ile ile wanayoitaka samaki. Tangi lenye mimea mingi lisijazwe samaki wengi.

Jani likizidi urefu halikatwi katikati, kwa sababu kidonda hugeuka kahawia na kuoza kuelekea chini. Jani zima hutolewa kwenye shingo, kwa wembe. Na dawa za madukani za kuua mwani zisomwe kwanza: zenye glutaraldehidi huiyeyusha valisneria hata pale ambapo mimea mingine haidhuriki.

Bomba lilipoanza kutoa maji kwa uhakika zaidi mtaani kwetu nilijaribu kulitegemea peke yake. Maji hayo ni ya Mto Ruvu, unaoteremka kutoka Milima ya Uluguru na kuingia baharini kaskazini kidogo ya mji wetu. Husafishwa kwenye mtambo wa Ruvu Chini, ambao pia huhudumia Dar es Salaam. Niliyalaza kwenye ndoo wazi usiku kucha ili klorini itoke. Ni maji mazuri ya kunywa, laini kuliko ya kisima, na chai yake mgeni huimaliza. Mmea haukufa, lakini ulipunguza mwendo, majani yakawa membamba. Nikarudi kuchanganya, nusu bomba nusu kisima, na ukaendelea. Majirani waliponiona nikibeba ndoo za maji ya chumvi kuyapeleka ndani, wakati wao walikuwa wameviacha visima vyao, walikuwa na haki ya kucheka.

Wengine walikuwa na swali zito zaidi. "Mwalimu, kwani unafuga mbu?" Katika mji ambao Taasisi ya Afya ya Ifakara ina kituo chake, na watoto wake walishiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, swali hilo si la mzaha. Jibu ni samaki. Nilianza na perege wachanga niliopewa na jirani, na wakafanya kazi yao ya kula viluwiluwi, lakini perege hufukua mchanga na kutafuna majani machanga, kwa hiyo niliwarudisha kwa mwenyewe. Waliokaa ni samaki wadogo wa madimbwi ya bonde la Ruvu, wa jamii ya Nothobranchius. Hawa huanguliwa masika dimbwi linapojaa, hukua haraka, hutaga kwenye tope, na dimbwi likikauka hufa wote. Mayai hubaki yamelala kwenye udongo mpaka mvua ya msimu mwingine. Hawaishi muda mrefu, lakini kiluwiluwi hakiwapiti.

Jambo la kushangaza kuliko yote ni maua. Valisneria ya kike hutoa ua dogo jeupe juu ya kikonyo chembamba kinachorefuka mpaka kifike juu ya maji, hata kama ni kutoka kina kirefu. Ya kiume hufanya kinyume: maua yake, madogo kuliko chembe ya ulezi, hukatika chini kabisa, huelea mpaka juu, hufunguka na kusukumwa na upepo mpaka yalipo ya kike. Mbegu ikishatungwa, kikonyo cha kike hujisokota na kulivuta tunda chini. Katika tangi langu kikonyo hakijawahi kujisokota. Mimea yangu yote ni ya kike, kwa sababu huzaliana kwa kutambaa: mama hutuma mshipa chini ya mchanga, mche unaibuka pembeni, nao unatuma wake. Msitu mzima ulijaa kutoka kwenye mashina ya ndoo moja. Kila mwaka maua yanapanda kusubiri, na hakuna anayekuja.

Nilimsimulia habari hiyo shangazi yangu wa Mlingotini, anayelima mwani, akasema bahari nayo ina mambo hayo. Hakukosea. Valisneria ni wa familia moja na baadhi ya nyasi bahari zinazotanda kwenye maji mafupi ya pwani yetu, Thalassia kwa mfano; na Enhalus, ndugu yao mwingine wa bahari za joto, naye huachia maua ya kiume yakaelea juu kuyafuata ya kike. Katika familia hiyo moja wengine walibaki katika maji baridi na wengine wakaingia baharini. Pengine ndiyo maana chumvi kidogo ya kisima haikuusumbua mmea wangu.

Lakini shangazi hakuwa na muda wa maua. Alikuwa na hesabu yake ya maji. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, kisha kikaenea pwani ya bara mpaka kwao. Aina zilikuwa mbili: kotoni, ambayo wanunuzi wanaitaka na bei yake iko juu, na spinosamu, ambayo bei yake ni ya chini. Kila mtu alipanda kotoni. Kadiri miaka ilivyokwenda na maji ya kina kifupi yakazidi joto, kotoni ikawa inageuka nyeupe, inalainika na kukatika kwenye kamba. Watafiti, akiwemo Dk. Flower Msuya wa Zanzibar, walileta njia ya kuilima katika mirija ya nyavu kwenye kina kirefu, ambako maji hayachemki. Njia hiyo inahitaji chombo na mtu anayejua kuogelea, na wanawake wengi wanaolima mwani hawana chombo wala hawakufundishwa kuogelea.

"Kotoni ina bei, mwanangu," shangazi alisema, "lakini maji ya huku hayaitaki. Mimi nalima inayokubali. Siku nikipata mashua nitaifuata kotoni ilipo."

Sijasikia maelezo bora ya jambo hili. Hakusema kotoni ni mbaya, wala hakusema mtu aridhike na kidogo. Alisema kila mmea una maji yake, na anayeutaka ama aende yaliko maji hayo, ama apande kingine. Kinachopoteza nguvu za watu ni njia ya tatu, ya kubaki pale pale na kuyalaumu maji.

Hata mji wetu ulichaguliwa na kuachwa kwa kanuni hiyo. Ufukwe wa Bagamoyo ni wa maji mafupi yenye mteremko wa polepole. Majahazi yalikuja na maji kujaa, yakakaa juu ya mchanga yalipotoka, yakapakua bila gati. Kwa majahazi hakukuwa na mahali pazuri zaidi, na mji ukanawiri. Meli za mvuke zilitaka kina. Wajerumani, waliokuwa wameanza kutawala wakiwa hapa, walihamishia makao makuu yao Dar es Salaam mwaka 1891, kwenye bandari yenye kina. Bahari ya Bagamoyo haikuharibika mwaka huo. Ilibaki kama ilivyokuwa, na majahazi bado yanakuja. Kilichobadilika ni chombo. Na upande wa kaskazini wa mji, kule Nunge, kuna watu wanaoishi kwa chumvi ile ile tunayoinung'unikia kwenye chai.

Valisneria ina tabia moja ya kuangaliwa kwa macho mawili, nayo ni kuzaana. Miche ikijaa hutafuta pa kwenda, na mtu hushawishika kumwaga iliyozidi kwenye mfereji au mtoni. Nchi hii ina mfano wa kutosha wa kuizuia mikono. Gugumaji lilitolewa Amerika Kusini likasambazwa duniani kwa uzuri wa ua lake. Katika miaka ya 1950 lilikuwa limekwisha kuonekana kwenye mito ya Sigi na Pangani, na mwishoni mwa miaka ya 1980 likaingia Ziwa Victoria, likafunga mialo ya wavuvi na mitambo ya maji. Mmea unaofaa Ziwa Tanganyika, ambako una samaki na wadudu waliozoeana nao, si lazima ufae madimbwi ya Ruvu. Ninachokata hukauka juani kwanza, halafu huenda kwenye shimo la mbolea chini ya migomba.

Miche mingine naigawa. Wanafunzi wameipeleka Kerege na Zinga, mmoja ameifikisha Bunju. Inayostawi ni ya wenye visima. Mwalimu mmoja anayetumia maji ya mvua kutoka bati hadi simtanki aliiona ikidumaa, nami nikamshauri atie vipande vya matumbawe yaliyokwisha kufa kwenye chujio lake, au aachane nayo kabisa atafute mimea ile myekundu iliyomshinda mwenzangu, maana maji yake ndiyo hasa iliyokuwa ikiyataka. Alichagua la pili, na tangi lake sasa lina rangi ambazo langu halitazipata.

Siku hizi anayekuja kuniomba mche simwulizi ukubwa wa tangi lake wala aina ya taa. Namwuliza birika lake la nyumbani likoje kwa ndani. Akisema lina ukoko mweupe, nachukua wembe na kumkatia. Akisema ni safi, namtuma kwa yule mwalimu wa maji ya mvua.